Sarafu za kale Saza: soma mwaka kabla ya kugusa asidi

Shilingi mbili za enzi za ukoloni, moja ya mwaka 1946 na nyingine ya 1948, zina simba yuleyule, milima ileile nyuma yake, na kichwa cha mfalme yuleyule upande wa pili. Ya kwanza ina madini ya fedha ndani yake. Ya pili haina hata chembe. Zikiwa zimechakaa, macho peke yake hayatoshi kuzitenganisha.

Tatizo hilo lina uzito wa pekee Saza, kata ya Wilaya ya Songwe mkoani Songwe. Hapa ni nchi ya dhahabu. Watu wamezoea kupima mawe na vumbi kwa mizani, na sarafu nyeupe ikitoka kwenye udongo, kwenye sanduku la marehemu babu au kwenye mkufu wa bibi, huhesabiwa haraka kuwa kipande kingine cha madini chenye bei ya gramu.

Kwenye bei hiyo ndipo penye mtego. Kuna anayeuza rupia halisi kwa bei ya chuma chakavu, na kuna anayenunua nikeli kwa bei ya fedha. Wengine huharibu sarafu kwa asidi ili kujua jambo ambalo limeandikwa waziwazi juu yake.

Mishahara ya machimbo

Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 eneo hilo, lililokuwa chini ya Chunya, likavuta wachimbaji na vibarua kutoka kila upande. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi hadi 1956 na ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya Tanganyika. Leo eneo hilohilo lina mgodi wa New Luika na wachimbaji wadogo wengi. Mkoa wa Songwe wenyewe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016.

Vibarua wa zamani walilipwa kwa sarafu. Shilingi za Mfalme George wa Sita zenye fedha zilichapwa kati ya 1937 na 1946, yaani miaka ambayo machimbo ya Lupa yalikuwa yamechangamka. Ndiyo maana shilingi hizo ni miongoni mwa sarafu nyeupe za kale zinazotarajiwa zaidi kuonekana katika ukanda huu.

Njia ya pili ilikuwa kazi za mbali. Vijana wa Nyanda za Juu Kusini walikwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na migodi ya Afrika Kusini. Waliporudi walipitia mpaka wa Tunduma, na baadhi ya sarafu za huko zikaja nao.

Chenji ya leo haina fedha

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hakuna sarafu ya kawaida ya Tanzania iliyowahi kuchapwa kwa fedha. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi mwaka 1966, na sarafu zake za kwanza zilikuwa za senti 5, 20 na 50 pamoja na shilingi moja. Shilingi ile yenye mkono ulioshika mwenge, na senti 50 yenye sungura, zote mbili ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ni nyeupe na hazinaswi na sumaku, lakini si fedha.

Sarafu ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli, na sumaku huinasa mara moja. Kipenyo chake kinakaribia sana kile cha shilingi ya mkoloni, jambo linaloweza kumchanganya mtu anayepapasa gizani au anayepokea fungu la sarafu chafu.

Benki Kuu imewahi kutoa sarafu za fedha za kumbukumbu, kwa mfano zile za hifadhi ya wanyamapori za mwaka 1974, za shilingi 25 na shilingi 50. Hizo ziliuzwa kwa wakusanyaji. Hazikutolewa kwa ajili ya kununulia sukari dukani.

> *Kama sarafu imeandikwa Tanzania na ilipokewa kama chenji, si ya fedha.*

Rupia ya Mjerumani

Sarafu yenye sifa kubwa zaidi ni rupia ya Kijerumani. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kuitoa mwaka 1890, ikiwa na simba na mnazi upande mmoja na Kaisari Wilhelm wa Pili mwenye kofia ya chuma upande wa pili. Kumzunguka Kaisari kuna maneno GUILELMUS II IMPERATOR. Kuanzia 1904 serikali ya koloni ilichukua nafasi ya kampuni, rupia ikagawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64, na jina la sarafu likawa DEUTSCH OSTAFRIKA.

Rupia moja ina gramu 11.66, na fedha yake ni sehemu 917 kati ya 1,000. Nusu rupia ina gramu 5.83 na robo rupia gramu 2.92, kwa kiwango hichohicho. Kulikuwa pia na rupia mbili za 1893 na 1894, ambazo ni adimu na kwa hiyo huigizwa sana.

Vipande vidogo vya Mjerumani havina fedha. Pesa na heller ni za shaba au shaba iliyochanganywa. Heller 5 za 1913 na 1914 na heller 10, zenye tundu katikati, ni za shaba na nikeli. Heller 20 zilizochapwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, ni za shaba au shaba njano. Tabora ilitoa pia rupia 15 zenye tembo, lakini hizo ni za dhahabu.

Rupia ya Mjerumani ilifuata uzito na kiwango cha rupia ya India, ambayo ilitembea pwani yote na bara. Rupia ya India ya hadi 1939 ina fedha sehemu 917 kati ya 1,000. Za 1940 hadi 1945 zimeshuka hadi nusu. Ya 1947 ni nikeli tupu, na nikeli tupu hunaswa na sumaku.

Kabla ya hizo zote ilikuwapo reale ya Maria Theresa, iliyotumika Zanzibar na katika biashara ya misafara. Ina gramu 28.07 na fedha sehemu 833 kati ya 1,000. Mwaka ulioandikwa juu yake ni 1780 daima, hata kama ilichapwa karne moja na nusu baadaye. Hii ndiyo sarafu ambayo mwaka wake hausemi kitu kuhusu umri wake.

Jinsi fedha ilivyopungua

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya fedha duniani ilipanda ghafla, ikafika kilele mapema mwaka 1920. Rupia ikawa na thamani kubwa kuliko ilivyotarajiwa dhidi ya pauni, na serikali za Afrika Mashariki zikaiacha. Kwanza ikaja florini ya 1920, kisha shilingi ya 1921, chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa London mwaka 1919.

Florini ya 1920 ina uzito uleule wa rupia, gramu 11.66, lakini fedha yake ni nusu tu. Senti 50 za awali za Afrika Mashariki na Uganda, zilizotolewa kuanzia 1906, zina gramu 5.83 kama nusu rupia, ila fedha yake ni sehemu 800 kati ya 1,000. Hapo uzito peke yake humdanganya mpimaji.

Shilingi ya 1921 ilishuka zaidi. Ina gramu 7.78, na fedha ni robo tu. Sehemu iliyobaki ni metali nyingine, hasa shaba. Senti 50, ambayo wazee huiita thumuni, ina nusu ya uzito huo kwa kiwango kilekile. Robo hiyo ilidumu hadi 1946. Shilingi na thumuni zilizochapwa kuanzia 1948 ni za shaba na nikeli.

Kuna alama rahisi ya kuzitenganisha hata pale tarakimu za mwaka zinapokuwa zimefutika. Shilingi na thumuni zenye fedha zina herufi IND IMP katika maneno yanayomzunguka mfalme, kwa sababu alijiita pia Kaisari wa India. India ilipata uhuru mwaka 1947, cheo hicho kikaondolewa, na fedha ikaondoka wakati uleule. Thumuni zenye sura ya Malkia Elizabeth wa Pili hazina fedha kabisa.

Alama hii ni kwa shilingi na thumuni pekee. Senti 1, 5 na 10 zenye tundu ni za shaba iliyochanganywa, hata kama zina herufi hizo.

> *Shilingi yenye IND IMP ina robo ya fedha. Isiyo na herufi hizo haina.*

Zilizovuka mpaka wa Tunduma

Kwa sarafu zilizotoka kusini, mipaka ya miaka ni mingine. Rhodesia ya Kusini ilitoa sarafu za fedha kuanzia 1932, nazo zilitumika pia Rhodesia ya Kaskazini. Za hadi 1942 zina sehemu 925 kati ya 1,000. Za 1944 hadi 1946 zina nusu. Za 1947 na kuendelea ni shaba na nikeli.

Sarafu nyeupe za Uingereza, zinazoweza kukutwa pamoja na hizo, zina sehemu 925 hadi 1919, nusu kuanzia 1920 hadi 1946, na hazina fedha kuanzia 1947. Za Afrika Kusini zilibaki na fedha kwa muda mrefu zaidi: sehemu 800 kuanzia 1923 hadi 1950, kisha nusu hadi 1964. Sarafu nyeupe za kwanza za Zambia, za mwaka 1964, hazina fedha.

KISANDUKU: Fedha halisi ndani ya sarafu moja

- Reale ya Maria Theresa (gramu 28.07): gramu 23.4
- Rupia ya Mjerumani au ya India ya hadi 1939 (gramu 11.66): gramu 10.7
- Florini ya 1920 (gramu 11.66): gramu 5.8
- Shilingi ya 1921 hadi 1946 (gramu 7.78): gramu 1.9
- Thumuni ya 1921 hadi 1944 (gramu 3.89): karibu gramu 1
- Shilingi ya 1948 na baadaye: hakuna

Sumaku, mizani na maji

Sarafu ikishatambuliwa jina na mwaka, vipimo vya mkono hutumika kuthibitisha kwamba si ya bandia. Sumaku hutangulia. Ikinasa, sarafu si ya fedha. Isiponasa, bado hakuna kilichothibitishwa, kwa kuwa shaba, risasi, shaba njano na mchanganyiko wa shaba na nikeli navyo havinaswi.

Mizani hufuata. Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo, lakini haiongezeki. Rupia yenye gramu 11.4 inaweza kuwa halali iliyotembea sana. Yenye gramu 9, au yenye gramu 13, ni ya kutiliwa shaka.

Kipimo cha maji kinajulikana kwa wanunuzi wa dhahabu, na hufaa pia kwa fedha. Inatakiwa mizani ya kielektroniki inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani, mizani ikarudishwa sifuri, kisha sarafu hufungwa uzi mwembamba na kutumbukizwa ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Uzito wa sarafu ukigawanywa kwa namba hiyo, jibu ni gramu kwa kila sentimita ya ujazo.

Fedha safi hutoa karibu 10.5. Rupia halisi hutoa karibu 10.3, florini ya 1920 karibu 9.7, na mchanganyiko wa shaba na nikeli karibu 8.9. Kwa maneno ya mizani, rupia ya gramu 11.66 itaonyesha 1.13 ndani ya maji, florini ya uzito huohuo itaonyesha 1.21, na bandia ya shaba na nikeli itaonyesha 1.30. Tofauti hizo zinasomeka vizuri.

Kwa shilingi ya robo, kipimo hicho huchoka. Shilingi ya 1946 ingeonyesha takriban 0.84 na ya 1948 takriban 0.87. Kiputo kimoja cha hewa kilichong'ang'ania sarafu kinatosha kuleta kosa la kiasi hicho. Hapo herufi za IND IMP ni shahidi bora kuliko mizani.

Rangi, mlio na zebaki

Vipimo vya macho na masikio ndivyo vinavyopendwa zaidi, na ndivyo vinavyopotosha zaidi. Fedha huwa nyeusi inapokutana na salfa iliyomo hewani na kwenye jasho, kwa hiyo sarafu inayong'aa sana baada ya kufukuliwa haipaswi kuaminiwa kwa sababu ya mng'ao huo. Shilingi ya robo, kwa upande wake, hugeuka rangi ya shaba kwenye sehemu zilizosuguliwa, na wasiojua huitupa wakidhani ni bandia.

Mlio mrefu na mwembamba unapoidondosha sarafu juu ya meza ngumu ni dalili nzuri kwa rupia au reale. Risasi hulia kwa sauti iliyokufa. Hata hivyo, sarafu yenye ufa hupoteza mlio hata ikiwa ya fedha, na aloi nyingine za shaba hulia vizuri.

Barafu huyeyuka haraka juu ya fedha kwa kuwa fedha hupitisha joto kuliko metali nyingine zote. Shaba inaifuata kwa karibu sana, hivyo kipimo hicho hakiwezi kutenganisha fedha na shaba iliyopakwa fedha.

Katika maeneo ya machimbo kuna hatari nyingine: zebaki inayotumika kunasa dhahabu. Ikisuguliwa juu ya sarafu safi ya shaba, zebaki huipa rangi nyeupe inayofanana na fedha. Mng'ao huo hufifia baada ya muda. Na mtu akiipaka zebaki sarafu ya fedha halisi, zebaki huungana na fedha na kuiharibu. Mvuke wa zebaki, hasa inapochomwa moto, ni sumu kwa ubongo na figo.

> *Zebaki huifanya shaba ifanane na fedha, na huiharibu fedha halisi.*

Asidi: mvutano wa sonara na mkusanyaji

Sonara hutegemea asidi. Mchanganyiko wa asidi ya naitriki na potasiamu daikromati, ukidondoshwa juu ya fedha ya kiwango cha juu, hutoa wekundu wa damu. Kwa kazi ya vito njia hiyo ina mantiki: kitu kitayeyushwa hata hivyo, na alama ndogo haina hasara.

Kwa mkusanyaji, tone hilohilo ni doa la kudumu. Tena sarafu iliyopakwa fedha juu hutoa wekundu uleule, kwa hiyo mpimaji makini hulazimika kuikwangua kwa tupa ili afikie ndani. Sarafu iliyokwanguliwa imepoteza sehemu ya thamani yake kabla jibu halijapatikana.

Mashine ya mionzi ya eksirei, ya aina inayotumika kupima usafi wa dhahabu, haiachi alama. Udhaifu wake ni kwamba husoma tabaka la juu tu, hivyo upakaji mnene unaweza kuipita. Ikitumiwa pamoja na kipimo cha maji, mwanya huo huzibwa.

Gramu au historia

Sonara na mkusanyaji hutofautiana pia kuhusu bei. Anayenunua kwa gramu huhesabu fedha iliyomo. Aunsi moja ya madini ni gramu 31.1, na ili kuipata zinahitajika rupia karibu tatu, au shilingi 16 za robo. Kwa hesabu hiyo shilingi moja ya 1944 haina utajiri mkubwa, na gharama ya kuisafisha fedha kutoka kwenye shaba humla muuzaji zaidi.

Mkusanyaji huangalia mwaka, alama ya kiwanda na hali ya sarafu. Katika shilingi za George wa Sita, H ni ya Birmingham, I ni ya Bombay na SA ni ya Pretoria. Katika rupia za serikali ya Mjerumani, A ni Berlin na J ni Hamburg. Mwaka ambao sarafu chache zilichapwa huweza kuipa bei kubwa kuliko fedha iliyomo. Kwa sababu hiyo sarafu haisuguliwi kwa majivu, ndimu, mchanga wala waya wa kusugulia sufuria: kila mkwaruzo hupunguza thamani.

Upande wa tatu ni serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ya Tanzania Bara inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863: anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa, na kuviuza au kuvipeleka nje kunahitaji kibali. Rupia za Mjerumani na shilingi za Bodi ya Sarafu zimekuja baada ya mwaka huo.

Hoja ya kulinda vitu hivyo ilionekana Pemba mwaka 1984, wachimbuzi wa mambo ya kale walipopata Mtambwe Mkuu hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na sarafu chache za dhahabu, za takriban karne ya 11. Kwa gramu zingekuwa fungu dogo tu. Kwa kuwa zilipatikana pamoja, mahali pake na kwa utaratibu, zilieleza majina ya watawala wa pwani na mawasiliano yao na ulimwengu wa Kiislamu.

Utaratibu wa kufuata

Kwa sarafu yoyote nyeupe ya kale, mpangilio salama ni huu. Kwanza, isioshwe zaidi ya kutoa udongo kwa maji. Pili, yasomwe maneno, sura na mwaka, kisha vilinganishwe na viwango vilivyotajwa. Tatu, sumaku. Nne, mizani. Tano, kipimo cha maji kwa sarafu zinazodaiwa kuwa na nusu ya fedha au zaidi. Sita, mashine ya mionzi iwapo bei inayozungumzwa ni kubwa.

Asidi na tupa hubaki kwa sarafu ambayo tayari imeamuliwa kuyeyushwa. Sarafu zikipatikana nyingi kwa pamoja ndani ya chungu au chini ya msingi wa nyumba ya zamani, zisigawanywe kabla hazijapigwa picha na kuandikwa zilikokutwa, na taarifa ipelekwe kwa ofisi ya serikali iliyo karibu.